Mbweha hakuchuja, alikosa wa kumpaka grisi

Mhariri,

Shikamoo kama unaistahili, na kama ni kijana mwenzangu basi salama tu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, na gazeti lenu huwa nalisoma likishafika huku mwisho wa reli, maana yake wakati nyie mnapanga habari za kesho mimi ndio kwanza nafungua za juzi, kwa hiyo mnivumilie kama barua hii imechelewa. Naandika kwa sababu ya ile makala yenu ya ukurasa wa vijana iliyosema wale wanyama wa kwenye gemu za zamani wameshachuja, kwamba dogo wa siku hizi akishika pedi anataka mpira na bunduki basi, halafu mkaweka na kapicha ka Crash Bandicoot pembeni, kadogo, kana fremu nyeusi, kama tangazo la kifo. Nilikuwa na simu ya mteja iko wazi mezani, skrubu zote nje, nikaiacha hivyo hivyo nikatafuta kalamu.

Nabisha. Kudondoka alidondoka, hilo sipingi, tena alidondoka vibaya. Ila kuchuja hakuchuja. Msanii anachuja pale watu wanapomchoka, sasa huyu watu hawakuwahi kumchoka, huyu alihamishwahamishwa tu nyumba kwa nyumba kama mtoto anayelelewa na mashangazi saba, kila shangazi anamnyoa mtindo wake, mpaka mwisho hata ukimwita jina hageuki.

Kwa wasiomjua. Hapa kwetu hakuna aliyemwita Crash, tulimwita Mbweha, kwa ile rangi yake ya chungwa na masikio yamesimama, na mimi mpaka nimeota ndevu ndio nikaja kujua kwamba bandicoot si mbweha wala mbwa, ni kamnyama ka Australia kenye pua ndefu, kanabeba watoto kwenye mfuko kama kangaruu, ukikatazama haraka haraka utasema panya buku. Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunamshangilia panya buku. Haidhuru.

Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma ya soko la Mwanga, mabati juu, mabati pembeni, joto la kuivisha ndizi, tivii mbili za kichogo, PS1 mbili, yaani PlayStation ya kwanza, mashine ya gemu ya Sony, na benchi moja ambalo mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Mwenyewe tulimwita Injinia ingawa injini sikuwahi kumuona akiigusa. Sheria zake zilikuwa fupi: shilingi mia unacheza mpaka ufe mara tatu, ukifa ya tatu pedi inahamia kwa aliyekaa kushoto kwako, hakuna kulia, hakuna kusema pedi mbovu. Umeme wa Kigoma enzi hizo ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ukikatika katikati ya steji basi mia yako imekwenda, ukimlalamikia Injinia anakujibu nenda kaidai jenereta.

Sasa katika zile PS1 mbili moja ilikuwa nzima, na nyingine ilikuwa haichezi mpaka uilaze kichwa chini miguu juu. Wa umri wangu wanajua nazungumzia nini. Zile PS1 za mwanzo jicho la leza linatembea kwenye kireli cha plastiki, plastiki inalika, joto nalo linachangia, jicho linainama na CD inakuwa haisomeki, ukiigeuza mashine uzito unavuta upande wa pili na jicho linarudi mahali pake. Na lenyewe limefika mwisho wa reli, tulikuwa tunasema. Na gemu iliyokuwa inalitesa jicho kuliko zote ni hii ya Mbweha, hili nimekuja kulielewa baadae sana nilipoingia kwenye ufundi. PS1 ilikuwa na memori ya MB 2 mhariri, mbili tu, hapa mezani nina simu ya bei ya chini kabisa na picha moja iliyopiga haienei kwenye MB 2, halafu wale jamaa wawili waliokuwa na Naughty Dog, kampuni iliyoitengeneza, Andy Gavin na Jason Rubin, wao walitaka pori zima, majani, maji, mahekalu, kobe wanazunguka. Wakaamua pori lisikae kwenye memori, libaki kwenye CD, na Mbweha anapokwenda mbele mashine inavuta kipande kinachofuata na kukitupa cha nyuma. Kwa hiyo jicho halipumziki. Ukikaa karibu ulikuwa unalisikia likikwaruza kama panya darini, krr, krr, krr, na Injinia akilisikia anakunja uso kama mtu anayesikia hela yake inaliwa.

Hata sura yake ilitokana na shida, na hapa ndio nawavulia kofia. Kichwa kikubwa, shingo hana kabisa, kwa sababu kwenye tivii za wakati ule kichwa kikiwa kidogo usingeona anacheka au analia. Glovu kavalishwa ili mikono ionekane ikipita mbele ya mwili. Kifua kimepakwa rangi ya kupauka ili ujue huyu amekuangalia au amekupa mgongo. Na mgongo ndio ulikuwa mpango mzima, maana kamera iko nyuma yake, unamfuata kwa nyuma sehemu kubwa ya gemu, na wakati wanaitengeneza wenyewe waliipa jina la utani linalotaja sehemu fulani ya mwili wa Sonic, yule mnyama wa bluu wa gemu za Sega, ambayo mchezaji angekuwa anaitazama muda wote, nikiliandika hapa mtalikata.

Ilitoka mwaka 1996, mwaka ule ule Mario, yule wa gemu za Nintendo, naye anaingia kwenye 3D, na Sony kwa jeuri wakatengeneza tangazo la mtu amevaa manyoya ya Crash anakwenda na kipaza sauti mpaka maegesho ya magari ya ofisi za Nintendo kule Marekani, anasimama pale anamtukana Mario. Kwa mtu wa hapa nyumbani nitasema hivi, ni sawa na shabiki wa Simba abebe spika aende Jangwani asubuhi na mapema, peke yake. Na jamaa aliweza, gemu ile ya kwanza peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 6, na hata Japani, kwa akina Mario wenyewe, walimpenda. Hizo milioni 6 hazina zile CD zetu za kuchoma zilizoandikwa kwa makapeni.

Sasa steji. Kuna ile ya jiwe, Mbweha anakimbia kuja kwako wewe na jiwe la duara linamfuata kwa nyuma, huoni mbele kuna nini, unaona jiwe tu linakuja, na watoto kumi na tano kwenye benchi moja tunainama wote kulia, wote kushoto, lile tofali kuna siku lilitoka. Kuna ile ya kupanda nguruwe. Mwenzetu mmoja wa Ujiji, mtoto wa madrasa haswa, tulipofika kwenye nguruwe akanipa pedi akasema shika wewe hii, mimi nikirudi nyumbani bibi atanisikia harufu. Nikawa nampandia nguruwe kila siku, na yeye akawa ananipitishia ile ya kuparamia ukuta wa ngome kwenye mvua, ambayo mimi mpaka leo sijaiweza.

Halafu daraja. Mhariri, kama uliwahi kucheza unajua daraja gani. Ukungu kila upande, mbao zimeoza, unakanyaga ubao unavunjika, unaruka unaangukia ubao mwingine nao unatelezesha, kobe anakuja, nguruwe anakuja, mia yako inaisha. Pale ndipo Injinia alipokuwa anatengeneza faida. Siku moja akaja baharia mmoja ameshuka kwenye meli, anasubiri kuondoka kesho yake, akatoa mia, akachukua pedi, akafika kwenye daraja, akamrusha Mbweha pembeni. Tukapiga kelele tukajua kajiua. Kumbe kamtua juu ya kamba, zile kamba za kushikia mkono pembeni ya daraja, ukitua sawasawa zinambeba, na jamaa akatembea juu ya kamba taratibu kabisa mpaka mwisho, mbao zote, kobe wote, nguruwe wote kawaacha chini. Kibanda kilinyamaza. Injinia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, akasema hiyo hairuhusiwi.

Nimeyasema haya yote ili muone kitu kimoja. Yule Mbweha wa akina Gavin hakuwa na mambo mengi, anaruka, anazunguka kama pia, anavunja maboksi ya matunda, basi. Mtoto ambaye hajui kusoma anashika pedi leo na kesho anamfundisha mwenzake. Kumbukeni hilo tunapokwenda kwenye msiba.

Msiba unaanzia kwenye karatasi. Kwanza makala yenu ilisema Crash ni wa Sony, si kweli, hakuwahi kuwa wa Sony, Sony alimuuza na kumtangaza tu, hati ilikuwa ya kampuni ya Universal. Naughty Dog walitengeneza nne, ya 1996, ya 1997, ile ya tatu ya kusafiri kwenye nyakati ya 1998 inayoitwa Warped, na ya kushindana vigari 1999, halafu wakaondoka, na mwaka 2001 Sony wakawanunua hao Naughty Dog lakini Mbweha hawakuondoka naye maana hakuwa wao. Kwa hiyo ikawa wale waliomzaa wamehamia kwa Sony na mtoto amebaki kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anataka kodi. Akapewa kampuni nyingine, Traveller's Tales, na mwaka 2001 huo huo wakatoa ya PS2, na si kwamba walikuwa wabaya, walijitahidi waifananishe na za mwanzo, lakini ilikuwa inalodi mpaka unatoka kununua vitumbua unarudi bado inalodi. Na mwaka uliofuata ikatoka pia kwenye mashine ya Nintendo. Mnaelewa hapo? Yule aliyekwenda na kipaza sauti kumtukana Mario sasa yuko sebuleni kwa Mario anakunywa chai. Yule wa Simba kaonekana na jezi ya kijani. Kwangu mimi pale ndipo nilipojua huyu hana tena wa kumsemea.

Universal yenyewe ilikuwa imeshaingia kwa Vivendi, kampuni ya Wafaransa, na kutoka hapo kila mwenye zamu akawa anamvalisha kilichokuwa kinapendwa mjini mwaka huo. Ilipofika 2007 na 2008 wakawa wameshamchora matatuu mikononi na kumfundisha kupigana, mara apande migongoni mwa madubwana ayaendeshe. Mbweha wetu! Alikuwa anaruka tu. Mwaka 2008 huo huo Vivendi wa gemu akaungana na Activision, na Activision alikuwa na gemu ya vita inayomuingizia hela kama mvua za masika, sasa utamkumbuka panya buku wa nini, wakamfungia stoo. Kutoka 2008 mpaka 2017, miaka tisa, hakuna gemu yake mpya kubwa kwenye konsoli yoyote. Mtoto aliyezaliwa siku aliyofungiwa alikuwa darasa la tatu alipotolewa.

Mario alizaliwa 1981 na mpaka leo baba ni mmoja, Nintendo, akikosea anarekebishwa nyumbani. Sonic kazaliwa 1991, na amefanya madudu, ile ya 2006 ni aibu mpaka mashabiki wake wanaificha, na Sega wenyewe mwaka 2001 walishaacha kutengeneza mashine, ungesema nyumba imeungua, lakini hawakumuuza mtoto. Na 2019 ilipoonyeshwa trela ya filamu yake na watu wakaicheka ile sura, yenye meno kama ya mtu, akachorwa upya, filamu ikatoka 2020 ikajaza watu. Wanyama hawajapitwa na wakati basi. Mkitaka ushahidi mwingine, tuzo ya gemu bora ya mwaka 2024 kwenye The Game Awards ilichukuliwa na Astro Bot, karoboti kanaruka, kanakusanya wenzake, hakana bunduki wala hakachezi ligi.

Hapa Kigoma tuna msemaji mzuri wa jambo hili, nayo ni Liemba. Watoto wetu wanaiona ni meli kuukuu tu lakini habari yake mnaijua: Wajerumani waliijenga kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda treni mpaka hapa, ikaungwa upya. Vita ikawageukia, mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ziwani ili adui asiipate. Ila kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Wanaizamisha na wanaipaka grisi! Kwa sababu walikuwa na nia ya kurudi kuichukua. Hawakurudi wao, Waingereza wakaiopoa 1924, wakafungua injini, ikakutwa inafaa, na 1927 ikaanza kubeba watu na mizigo kwa jina la Liemba, na imebeba mabibi zetu na mawese yao miaka na miaka.

Mbweha walimzamisha bila grisi. Mwaka 2017 kampuni ya Vicarious Visions walipopewa kazi ya kuzitengeneza upya zile tatu za mwanzo hawakukuta ile programu ya zamani, walichopata ni maumbo ya steji tu, mifupa tupu kwa lugha nyepesi, ikabidi waanze moja, wacheze za zamani, wapime kwa macho anaruka juu kiasi gani, anatua wapi. Kazi waliyofanya ni kubwa na naiheshimu, na dunia iliinunua zaidi ya nakala milioni 10, kwa mtu mnayesema amechuja. Lakini ukiijua ile ya zamani vidole vinakwambia kuna kitu, akitua ukingoni anateleza, kwa sababu kule chini miguu yake waliifanya mviringo badala ya bapa, kama umesimama juu ya kidonge. Kwingine hauoni tofauti. Darajani unaiona.

Yaliyofuata nitayapitia haraka maana yananikera. 2019 wakarudisha vigari, safi. 2020 kampuni ya Toys for Bob wakatoa ya nne, na kuipa namba 4 maana yake waliruka kila kitu kilichotokea baada ya ile ya 1998, mashangazi wote wamefutwa kwenye picha ya familia, hapo niliwapigia makofi, ingawa maboksi mengine waliyaficha sehemu ambazo hata mchawi haoni na steji ni ndefu mno. Mngedhani sasa wataendelea hapo hapo. Wapi! 2021 akawekwa kwenye simu anakimbia bila kusimama, hiyo ikafungwa Februari 2023. Juni 2023 ikaja ya watu wanne kwa wanne kupitia intaneti, kufika Machi 2024 hakuna tena maudhui mapya. Mjini walikuwa wanapenda vitu vya intaneti vyenye misimu, kwa hiyo naye akavalishwa. Ni tatuu zile zile za 2007, safari hii zimechorwa kwenye seva.

Na mimi kama fundi hapo ndipo nina neno. Ile CD ya 1996 nikiiweka leo kwenye PS1 iliyogeuzwa kichwa chini itacheza, haimuombi mtu ruhusa. Ile ya kwenye simu waliifunga na haina pa kugeuza, ugeuze simu kichwa chini, uigeuze ubavu, uitie mfukoni, seva imezimwa imezimwa. Halafu mnampelekea mtoto wa Gungu gemu inayokula bando kila dakika, mama yake ananunua bando la kuuliza bei ya migebuka Kibirizi, halafu mnashangaa hachezi na kusema amemchoka Mbweha.

Oktoba 2023 Microsoft wakainunua Activision yote kwa dola bilioni zaidi ya 68, na Mbweha yumo humo ndani kama kijiko kwenye nyumba iliyouzwa na vyombo vyake. Toys for Bob wakajitoa 2024 wakawa kampuni inayojitegemea, wakasema wanataka kushirikiana na Microsoft kwenye gemu yao inayofuata. Mimi sina undugu na mtu yeyote huko, ila ningekuwa naye ningemwambia hivi, mrudishieni kijana watu wanaomjua, wakae naye, wasimuazime mtu. Gemu ya mtu mmoja, isiyodai intaneti, steji fupi, aruke, azunguke, avunje maboksi. Na iwe kwenye CD inayoweza kuuzwa mtumba, kwa sababu huku gemu inafika ikiwa mkono wa tatu. Na ile programu yake, hati zake zote, wazitunze mahali. Wapake grisi hata kama hawana mpango wa kuizamisha.

Mke wangu kasoma mpaka hapa akasema wewe humpendi Mbweha, unaupenda utoto wako. Nikamwambia inawezekana, lakini twende kwa shahidi.

Shahidi ni mwanangu, ana miaka tisa, hajui Injinia wala tivii ya kichogo. Kuna kijana ana kibanda pale Katubuka, PS4 nne, feni mbili, mpira tupu ukutani. Niliagiza ile ya tatu kwa moja ya 2017 kwa muuzaji mmoja wa Dar, ya kwanza ikaja imechubuka haisomi na simu zangu hakupokea, nikajichanga tena nikapata nyingine kwa abiria wa treni, nikaipeleka kibandani nikamuomba kijana aiweke nusu saa tu nitamlipa. Akaiweka kwa kunihurumia. Nusu saa ikawa jioni nzima. Madogo waliokuwa wanasubiri zamu ya mpira wakasogea mmoja mmoja, hakuna aliyewaita, ilipofika steji ya jiwe nikawaona wanainama wote kulia, wote kushoto. Wanamwita Mbwa Kichaa. Sijawarekebisha.

Mwanangu akafika kwenye daraja. Akafa. Akafa. Anatua ukingoni anateleza, anatua ukingoni anateleza, pua inaanza kumcheza kama anataka kulia. Nikamwambia nipe. Nikamrusha Mbweha pembeni, wote wakapiga ukelele, akadondoka kwenye ukungu. Nikajaribu tena, akadondoka. Kijana wa kibanda akaniambia baba mkubwa hapo hakuna kitu. Mara ya tatu akakaa. Kamba ikambeba. Nilitembea taratibu vidole vinatetemeka, mbao zinapita chini, kobe anapita chini, na kibanda kimenyamaza vile vile kama kilivyonyamaza kile cha nyuma ya soko, mpaka nikafika upande wa pili nikamrudishia mwanangu pedi. Yule kijana akasema hiyo hairuhusiwi.

Kwa hiyo naomba ile fremu nyeusi muitoe. Na kama kuna msomaji ana CD ya Warped ya 1998 ambayo haijachubuka, aliyekuwa anaiwekea vikombe vya chai au anaitumia kama kioo, asiitupe, kuna PS1 moja hapa Mwanga ilibaki mikononi mwangu Injinia alipohama mji, inawaka vizuri tu, ila ukija kucheza ujue inalala kichwa chini.

Fundi simu,
Mwanga, Kigoma